Fili ya pikipiki ya zamani: tukwangue mbele ya kulipa

Mu mitaa ya wafanyakazi, toka Likasi mpaka Kolwezi, pikipiki za zamani zingali zinafanya kazi. Baba aliinunua, leo mutoto njo anapanda nayo kwenda ku poste ya usiku. Motere ingali makasi, lakini fili zimekauka, ganda linapasuka, taa inazimika kila mara gurudumu likipiga shimo. Na mu ile njia ya magari makubwa ya mugodi, taa kuzimika usiku si mchezo. Pale inapasha kuondoa fili zote na kutia mpya. Bandugu, swali la kwanza si bei. Swali ni: ndani ya lile ganda muko nini?

Mu soko kuko fili zenye rangi nzuri ya shaba, kumbe ni aluminiomu yenye kupakwa shaba kidogo inje. Ku unene sawasawa, aluminiomu inapitisha umeme karibu asilimia 60 tu ya ule wa shaba. Tena inavunjika mbio ikitetemeka, na pale inaunganishwa inaoza. Sisi wenye tunatoa shaba mu udongo, tusikubali kuuziwa rangi yake!

Kupima ni mwepesi. Omba kipande kidogo, kwangua unyuzi mumoja na kisu. Ukiona weupe, rudisha. Shaba ya kweli ni nyekundu mpaka ndani. Pima na uzito mu mukono: shaba inapita aluminiomu zaidi ya mara 3.

Kisha, hesabu nyuzi. Fili ya nyumba, ile VOB yenye unyuzi mumoja mugumu, ni ya kulala mu ukuta. Ku pikipiki, gido inageuka siku nzima na motere inatetemeka: unyuzi mumoja utakatika tu. Tafuta fili laini. Ile ya milimita mraba 1, kwa kawaida iko na nyuzi 32 ndogo ndogo. Ganda nalo liwe la fili za gari, lenye kuvumilia joto, mafuta na esansi.

Sasa unene. Hapa njo wengi wanapotea. Pikipiki nyingi za Japani za miaka ya 1960 na 1970 ni za volti 6. Taa ya wati 35 ku volti 12 inavuta karibu amperi 3. Ku volti 6 inavuta karibu amperi 6. Tukipitisha amperi 6 mu metre 2 za fili ya milimita mraba 0,5, volti 0,4 inabaki njiani, na mwangaza wa taa unapungua. Mu fili ya 1,5 inapotea 0,14 tu. Basi, kwa volti 6 tunashauri hivi: 2,5 toka batri mpaka ku ufunguo, na vilevile kwa fili ya masi, 1,5 kwa taa kubwa ya mbele, 0,75 ao 1 kwa taa ndogo.

Rangi, tusizichanganye. Ku Honda, masi ni fili ya kijani. Ku Yamaha, ni nyeusi. Chora kila fili ku karatasi mbele ya kuiondoa, hivi mekanisie wa kesho hatapotea.

Na fizible iwe karibu na batri. Haiko pale juu ya kulinda taa, inalinda fili. Ile karatasi ya sigara yenye watu wanatia pa nafasi yake haikatiki kwa wakati: fili njo inaungua, na tanki ya esansi iko juu yake.

Tunajua mushahara ni kidogo na fili ya kweli ni bei. Lakini wawili ao watatu wa ekipe moja wanaweza kununua bobini nzima na kugawana. Ku mugodi tunakataa kufanya kazi na kabulo mubovu. Ku nyumba vilevile tukatae. Mwenye kushuka poste saa ya usiku, bibi na watoto wanamungojea.