Mgongo wa mvuvi na mgongo wa mkwezi: lini upasuaji, lini subira? (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza namna pingili za uti wa mgongo zilivyopangana, diski zinavyokaa katikati yake, na mishipa ya fahamu inavyopita humo kuelekea miguuni. Leo tunaingia katika swali ambalo wagonjwa wa Mafia hurudi nalo kutoka Dar es Salaam, bahasha ya picha mkononi: daktari ametaja upasuaji, je, nikubali?

Tuwaangalie watu wawili wanaojulikana katika kila kijiji cha kisiwa hiki, toka Bweni hadi Utende. Wa kwanza ni mvuvi aliyevuta nyavu na kusukuma vyombo kwa miaka mingi. Wa pili ni mkwezi aliyeanguka mnazini.

Mvuvi huyu kiuno kinamuuma, na maumivu yanashuka takoni na kufuata mguu mpaka unyayoni. Kipimo cha MRI kimeonyesha kwamba diski imechomoza na kubana mshipa wa fahamu. Wengi wakiambiwa hivyo huamini hakuna dawa isipokuwa kisu. Ukweli ni kwamba mara nyingi mwili wenyewe hukinyonya kidogo kidogo kile kipande kilichotoka, na wagonjwa wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12.

Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2007 uliwafuatilia wagonjwa 283 wenye maumivu makali ya mguu ya namna hii. Kundi moja lilipangiwa upasuaji wa mapema, jingine likatibiwa kwanza bila kisu. Waliopasuliwa walipata nafuu upesi zaidi. Hata hivyo, mwaka ulipotimia, makundi yote mawili yalikuwa yamefikia kiwango kilekile cha kupona, asilimia 95. Katika kundi lililosubiri, ni asilimia 39 tu waliolazimika kupasuliwa baadaye. Kwa hiyo faida kubwa ya upasuaji kwa mgonjwa wa aina hii ni kupona haraka. Mvuvi mwenye watoto wa kulisha, asiyeweza kukaa miezi bila kwenda baharini, anaweza kuchagua haraka hiyo kwa haki kabisa, mradi ajue kwamba hicho ndicho anachokichagua.

Ajue pia gharama yake. Jeraha laweza kupata maambukizi. Utando unaozunguka mishipa ya fahamu waweza kuchanika, na mshipa wenyewe kujeruhiwa. Kati ya wagonjwa 100 waliotolewa diski, 5 hadi 10 hivi hutokewa na tatizo hilohilo tena. Ikiwa pingili zitaunganishwa kwa vyuma na skrubu, upasuaji huwa mkubwa zaidi, damu hupotea zaidi, na kupona huchukua muda mrefu. Jambo jingine ambalo wagonjwa wengi hawaelezwi ni kwamba kuondoa diski husaidia zaidi maumivu ya mguu kuliko maumivu ya kiuno.

Wala picha peke yake isikutishe. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwapima kwa MRI watu 98 wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Wenye diski zote nzima walikuwa asilimia 36 tu. Picha huwa na maana pale inapolingana na mahali unapoumia na jinsi miguu yako inavyofanya kazi.

Je, wakati wa kusubiri mtu afanye nini? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023, kwa maumivu ya kiuno ya muda mrefu yasiyotokana na ugonjwa mwingine, unapendekeza mazoezi, elimu kwa mgonjwa na dawa za kutuliza maumivu na uvimbe zisizo za jamii ya afyuni. Kukandwa pia kumekubaliwa. Mikanda ya kiuno na kuvutwa kwa vizito havikupendekezwa. Kulala kitandani wiki nzima kunadhoofisha misuli ile ile inayoubeba mgongo.

Sasa tumgeukie mkwezi. Mnazi mrefu hupita mita 20, na anayeanguka kutoka huko huweza kuvunjika pingili. Hapa wengi hudhani hakuna mjadala: mfupa umevunjika, lazima vyuma. Lakini mwaka 2003 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa waliopasuka pingili za chini ya kifua au za kiuno huku mishipa ya fahamu ikiwa salama. Waliofungwa plasta au mkanda mgumu hawakuwa nyuma ya waliopasuliwa. Walipofuatiliwa tena miaka 16 hadi 22 baadaye, wasiopasuliwa ndio waliokuwa na maumivu machache.

Hukumu hubadilika kabisa mishipa ya fahamu inapoguswa. Miguu ikilegea, ganzi ikishika sehemu za siri na matako, au mtu akishindwa kukojoa au kuzuia haja, hapo subira ni hatari, awe mkwezi aliyeanguka au mvuvi mwenye diski. Utafiti wa mwaka 2012 juu ya majeruhi wa uti wa shingo ulionyesha kwamba waliopasuliwa ndani ya saa 24 walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kurudishiwa nguvu.

Kwa mtu wa Mafia, saa 24 hizo zina bahari ndani yake. Upasuaji wa aina hii hufanyika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996. Kutoka Kilindoni ni ndege ndogo, au kivuko hadi Nyamisati kisha barabara. Ndiyo maana uamuzi wa rufaa lazima ufanywe siku ileile, na familia isipoteze usiku mzima ikijadili.

Na aliyeanguka asiinuliwe kwa kushikwa mabega na miguu, wala asipakiwe kwenye bodaboda. Watu wanne au watano wamgeuze kwa pamoja, kichwa, shingo na kiwiliwili vikiwa katika mstari mmoja, wamlaze juu ya ubao au mlango, ndipo wampeleke hospitali ya wilaya.

Ndugu msomaji, ukitajiwa upasuaji, muulize daktari wako mambo matatu: mshipa gani umebanwa na je, unalingana na maumivu yangu, nikisubiri wiki sita kutatokea nini, na nikipasuliwa, nitarudi Dar es Salaam mara ngapi kuangaliwa? Daktari mzuri hatachukizwa na maswali hayo. Asiye na dalili za hatari ana haki ya kusubiri. Mwenye dalili hizo asisubiri hata kivuko cha kesho ikiwa ndege ya leo ipo.

Juma lijalo: kifua kikuu cha uti wa mgongo, na kwa nini wengi hupona kwa vidonge bila kupasuliwa.