Tuzo ya Mwezini Iliyokosa Mshindi na Somo Lake kwa Karatu

Mwaka 2007 taasisi ya XPRIZE ya Marekani, kwa fedha za Google, ilitangaza mashindano ya dola milioni 30. Zawadi kuu ilikuwa ya timu ya kwanza ambayo, kwa fedha zisizo za serikali kwa walau asilimia 90, ingetua mwezini, ingetembeza roboti mita 500 na kurusha video duniani. Muda uliongezwa zaidi ya mara moja, na ilipofika 31 Machi 2018 mashindano yakafungwa bila hata timu moja kuondoka duniani. Wapo walioona ni hasara tupu. Mimi nadhani tulipaswa kuyapima kwa kipimo kingine: tuzo hununua jaribio tu, na kama jaribio litazaa matunda au la hutegemea mteja anayekuja baada yake.

Ugumu wa kazi yenyewe anaweza kuuelewa mtu wa Ngorongoro. Anayetoka Karatu akapita lango la Loduare hupanda msituni, kisha kwenye ukingo ardhi inakatika ghafla na sakafu ya kreta inaonekana mita 600 hivi chini. Aprili 2023 chombo cha ispace ya Japani, kampuni iliyoshiriki mashindano hayo kwa timu ya Hakuto, kilipita juu ya ukingo wa kreta ya mwezini wenye kimo cha kilomita 3 hivi, kikiwa kimebeba Rashid, kigari cha utafiti cha Dubai. Kipimo cha mwinuko kikaonyesha umbali umeruka ghafla. Kilikuwa kinasema kweli, lakini programu ikakihesabu kuwa kimeharibika, ikakipuuza na kufuata makadirio yake. Chombo kikadhani kimefika chini ilhali kilikuwa kilomita 5 juu, mafuta yakaisha, kikaanguka. Eneo la kutua lilikuwa limebadilishwa kazi ya usanifu ikiwa imeshasonga mbele, na majaribio ya kompyuta hayakuizingatia vya kutosha ardhi ya njiani.

Atakayesema tuzo isiyo na mshindi haina faida aangalie kilichofuata. SpaceIL ya Israeli, mojawapo ya timu zilizoshindana, ilifika mwezini mwaka 2019, ikaanguka. Kampuni binafsi ya kwanza kutua mwezini, Intuitive Machines, ilifanya hivyo Februari 2024, na haikuwa mshindani wa tuzo ile. Iliwezeshwa na mkataba: mwaka 2018 NASA ilianzisha mpango wa kulipa kampuni zipeleke mizigo yake mwezini. Tuzo iliwakusanya wahandisi, lakini aliyewapa kazi ya kudumu ni mteja.

Wengine watauliza mwezi una faida gani wakati watoto hawajui kusoma. XPRIZE hiyohiyo ilileta mkoani Tanga shindano la dola milioni 15, na watoto wapatao 3,000 wa vijiji karibu 170 wakajifunza kusoma Kiswahili kwa vishikwambi vilivyochajiwa kwa umeme wa jua. Kitkit School na onebillion waligawana ushindi mwaka 2019, na programu zao zikawekwa wazi bure. Lakini kishikwambi huvunjika, na betri huchoka. Zawadi ya mshindi haiwezi kugharamia matengenezo ya miaka ijayo.

Hapo ndipo Karatu inapopata somo. Tembo hutoka msitu wa Ngorongoro na kuvamia mahindi ya vijiji vya mpakani, wakulima hukesha na tochi na pilipili, na kifuta jasho hakilingani na gunia lililopotea. Tuzo ya kifaa cha kuwaonya wakulima ingevutia vijana wengi. Pingamizi zito ni kwamba tuzo humpendelea mwenye mtaji, kwa kuwa hulipa mwishoni. Dawa yake inajulikana: mwaka 2015 timu 5 za mwezini zililipwa jumla ya dola milioni 5.25 kwa hatua walizokwisha kufikia, na waliofika fainali ya Tanga walipewa dola milioni moja kila mmoja kabla ya majaribio. Kwa hiyo, kabla ya kutangaza kiasi cha zawadi, halmashauri na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro ziandike kwanza ahadi ya kununua vifaa vitakavyofaulu, idadi yake na bajeti ya matengenezo. Mshindi atafutwe baada ya hapo.