Sura kwanza, pambo baadaye

Katika nyumba nyingi za Lubumbashi, chini ya kitanda au juu ya kabati, limekaa sanduku la bati. Mkilifungua mtakuta barua chache, vyeti vya shule, na bahasha ya picha. Nyingine zimeliwa na mchwa pembeni, nyingine zimegeuka rangi ya chai. Hata hivyo, siku ya msiba, sanduku hilo ndilo linalotafutwa kwanza, maana kila mtu anataka kuiona tena sura ya yule aliyeondoka. Siku hizi picha nyingi hazimo tena katika sanduku. Zimo katika simu, na simu ikiibiwa au ikianguka majini, jamaa nzima hupoteza sura za wazee wake kwa saa moja.

Kwa hiyo tumeona vema kuzungumza nanyi juu ya kazi ya kupiga picha. Hatusemi na wale wanaoifanya kwa kutafuta mkate, bali na baba, mama na vijana wanaopenda kujifunza saa za mapumziko. Sisi wenyewe ni wanafunzi bado. Tulinunua kamera ya mtumba, tukaihangaikia jioni baada ya kusahihisha madaftari. Tutawaeleza tuliyojifunza, na pia kosa moja tulilolifanya, ambalo hata leo linatuhuzunisha.

Milango mitatu ya nuru

Neno fotografia latoka katika Kiyunani, na maana yake ni kuandika kwa nuru. Basi mwenye kutaka kupiga picha hana budi kujifunza kwanza kuipima nuru, kama mpishi anavyopima chumvi. Ikizidi, picha huungua na kuwa nyeupe. Ikipungua, picha huzama gizani. Kamera inatupa mambo matatu ya kuipimia.

La kwanza ni tundu la lenzi. Namba zake ni 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16. Wengi hushangaa kusikia kwamba namba ndogo ndiyo tundu kubwa. Sababu ni kwamba namba hiyo ni kigawanyo. Lenzi yenye urefu wa milimita 50 ikiwekwa kwenye 2, tundu lina upana wa milimita 25. Ikiwekwa kwenye 16, upana ni milimita 3 na kidogo tu. Kila hatua ya kupanda namba hupunguza nuru kwa nusu. Zaidi ya hayo, tundu kubwa huonyesha uso safi na kufifisha vilivyo nyuma yake, lakini tundu dogo huonyesha vya karibu na vya mbali pamoja.

La pili ni pazia linalofunguka na kufungwa: sekunde 1/60, 1/125, 1/250. Mtoto anayecheza mpira ataka 1/500, la sivyo miguu yake itakuwa kama moshi. Chini ya 1/60 ni mkono wetu wenyewe unaotetemeka. Hapo yafaa kuegemea mlango na kuzuia pumzi kidogo.

La tatu ni namba ya ISO, yaani jinsi kamera inavyokuwa nyepesi kuisikia nuru. Penye jua 100 yatosha. Ndani ya nyumba twapanda hadi 800 au 1600, lakini kadiri tunavyopanda, ndivyo picha inavyojaa chengachenga kama unga wa mahindi usiochekechwa.

Mambo haya matatu hufanya kazi kama mizani. Ukifungua tundu kutoka 8 hadi 5.6, nuru imekuwa maradufu. Basi harakisha pazia kutoka 1/125 hadi 1/250, na kipimo kitabaki kilekile. Mafundi wa zamani, waliokuwa hawana kipimo ndani ya kamera, walishika kanuni moja nyepesi: penye jua kali weka tundu 16, na pazia liwe moja chini ya namba ya ISO. Kwa ISO 100, pazia ni 1/100 au 1/125. Tuliijaribu mwezi wa Julai, wakati wa kiangazi cha Katanga, mbingu ikiwa haina wingu hata moja. Haikutudanganya.

Uso mweusi mbele ya ukuta mweupe

Aibu yetu ya kwanza ilikuwa siku ya kugawa zawadi shuleni. Tuliwapanga watoto mbele ya ukuta uliopakwa chokaa jana yake, tukaona pamependeza. Kumbe! Picha zilipotoka, ukuta ulikuwa wa kijivu kama majivu, na nyuso za watoto zilikuwa nyeusi kama makaa, bila macho wala tabasamu. Wazazi walizitazama wakanyamaza kwa heshima.

Ilitupasa kutafuta sababu. Kipimo cha kamera hakijui ukuta wala mtoto. Chenyewe hudhani kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa, ni kijivu cha wastani. Kikiona weupe mwingi, hudhani nuru imezidi, nacho huipunguza. Uso mweusi ndio unaolipa deni hilo. Dawa yake ni alama ya kujumlisha na kutoa iliyo katika kamera: mbele ya ukuta mweupe jumlisha 1, au hata zaidi. Katika simu, bonyeza kidole juu ya uso wa mtu, kisha usogeze kialama cha jua juu kidogo. Lakini uso mweusi ukijaza picha yote, kamera hufanya kinyume chake: huupausha kama uliopakwa vumbi. Hapo twapaswa kutoa.

Tusidhani kwamba shida hii ni ya kwetu tu. Kwa miaka mingi maabara za filamu za rangi huko Marekani zilirekebisha mashine zao kwa kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu. Ngozi iliyo nyeusi haikuingizwa katika hesabu hiyo. Ndiyo maana yatupasa sisi wenyewe kuijua hesabu hii, tusiiachie mashine. Na njia iliyo bora kuliko zote haina bei: wapelekeni watu wenu katika kivuli cha mwembe, au waketisheni mlangoni, nuru iwaangukie ubavuni kwa upole.

Kufunika picha kwa picha

Tulipokwisha kuyazoea hayo, tulianza mchezo mwingine, nao ni wa kuvutia sana: kuchukua picha ya kitu kikavu, kama ukuta uliopasuka, bati lenye kutu, gunia au ganda la mti, na kuitandaza juu ya picha nyingine kama kitambaa chepesi, mpaka mikwaruzo yake ionekane ndani ya picha ya kwanza.

Ufundi huu una asili ya kale. Mwaka 1857 Oscar Rejlander, aliyefanya kazi Uingereza, aliunganisha negativu zaidi ya 30 kuwa picha moja kubwa. Baadaye mafundi wa chumba cha giza waliweka wavu au kioo chenye alama juu ya karatasi ya kusafishia picha, ili picha ipate sura ya turubai. Leo kazi hiyo hufanywa kwa kompyuta, katika programu kama GIMP, ambayo ni ya bure, au katika simu.

Kwanza ipigeni picha ya ukuta wenyewe. Simameni sawasawa mbele yake, tundu 8, na jua litokee ubavuni, asubuhi au jioni, ili kila ufa upate kivuli chake. Lubumbashi haina upungufu wa vitu hivyo: tuna matofali mekundu, tuna mabati ya kale, tuna vichuguu vya mchwa vilivyo virefu kuliko mtu.

Kisha wekeni picha hiyo kama tabaka juu ya ile ya kwanza, na mchague namna ya kuzichanganya. Ziko namna tatu kubwa. Ya kuzidisha huacha weusi wa tabaka la juu na kuufuta weupe wake. Picha yote hutiwa giza. Ya pili ni kinyume chake: weusi hutoweka, weupe hubaki, na picha hung'aa. Ya tatu huzidisha penye giza na kung'arisha penye nuru, na mahali ambapo tabaka la juu lina kijivu cha katikati haigusi kitu. Mwishowe punguzeni nguvu ya tabaka hadi asilimia 20 au 30. Pambo jema ni lile ambalo mtazamaji halioni upesi.

Kosa letu

Sisi hatukupunguza. Jirani mmoja alituomba tumpige picha mama yake, aliyepita miaka 80, ambaye mtaa mzima ulimwita Kambo, kama watu wa Lubumbashi wanavyowaita wazee wao. Alijifunga kikwembe chake cha sikukuu, akaketi mlangoni, akasema: «Mwalimu, mwanangu, fanya upesi, meno haya mawili yangali yapo.» Akacheka, nasi tukabonyeza. Tundu lilikuwa 4, pazia 1/125. Ilikuwa picha bora kupita zote tulizopata kupiga.

Usiku, mbele ya kompyuta, tulijiona mafundi. Tulitandaza juu yake udongo wa kichuguu uliopasuka, kwa namna ya kuzidisha, kwa nguvu nyingi. Tulipendezwa. Tukaihifadhi kwa jina lilelile, juu ya ile ya kwanza. Juma lililofuata tulifuta kadi ya kamera ili tupate nafasi ya sherehe ya shule.

Tulipopeleka picha iliyochapwa, binti yake aliitazama muda mrefu. Akauliza: «Mwalimu, nani amempasua mama?» Kambo mwenyewe aliipapasa karatasi kwa kidole, akitafuta nyufa, akasema kwa upole kwamba huo ni ukuta wa nyumba yake ya zamani. Tuliahidi kurudi na kumpiga upya. Shule ilianza, mitihani ikaja, mvua zikaanza. Mwezi wa Novemba Kambo akafariki.

Tulijaribu kuuondoa ule udongo, kwa kuwa picha yake tulikuwa nayo bado. Uso ulirudi nusu. Lakini penye nyufa nyeusi hapakuwa na kitu cha kurudisha. Siku ya maziko, sura iliyowekwa juu ya jeneza ilikuzwa kutoka kadi ya kupiga kura, ile ambayo watu wengi wa Kongo huitumia kama kitambulisho. Macho yalikuwa nusu wazi, na tabasamu halikuwamo. Tulisimama kati ya watu na kamera yetu begani, wala hatukuwa na kitu cha kuwapa.

Tuliyoyashika tangu siku ile

Baada ya hapo tulijiuliza kama pambo lenyewe ni baya. Hapana. Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi mwaka 1978, katika kazi yake iitwayo Mémoire ya mwaka 2006, aliwatwaa wafanyakazi wa migodi kutoka picha za kale zisizo na rangi, akawasimamisha ndani ya picha mpya za majengo ya Gécamines yaliyobomoka. Wale wazee wanatutazama kutoka magofu ya kazi yao. Kila tabaka lina neno la kusema, na uso wa mtu haukuharibiwa. Sisi tuliweka ufa kwa sababu ufa ulitupendeza tu.

Tena ziko picha zisizotaka pambo hata kidogo. Mwaka 1904, huko Baringa, Alice Seeley Harris alimpiga picha baba aitwaye Nsala, ameketi akitazama mkono na mguu wa binti yake mdogo, vilivyobaki baada ya mtoto kuuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Picha ile ilionyeshwa Ulaya na Marekani, na ilisaidia kuyafungua macho ya watu juu ya utawala wa Mfalme Leopold. Nguvu yake haikutoka katika pambo. Picha iliyo shahidi isivikwe nguo ya sherehe.

Basi, wenzetu, tunashika mambo manne. Kwanza, picha ya asili haiguswi: twafanya nakala, twapamba nakala, na ile ya asili twaiweka mahali pawili au patatu mbalimbali. Pili, kazi yenye matabaka twaihifadhi ikiwa na matabaka yake. Katika GIMP faili lake ni XCF. Faili la JPEG hubandika yote pamoja, na hayabanduki tena. Tatu, tabaka la pambo twalitoboa mahali pa uso, ili ukuta ubaki nyuma ya mtu na usimpande mashavuni. Nne, twamwuliza mwenye sura kabla ya kuchapa. Uso ni wake, si wetu.

Mwaka uliofuata yule binti alitujia tena, amemshika mjukuu wa Kambo mkono. Tuliona haya hata kuitoa kamera. Lakini yeye alimketisha mtoto mlangoni, mahali palepale, akamfuta pua, akasema: «Mwalimu, safari hii uuache ukuta ukutani.» Tukapiga picha tatu. Jioni ileile, kabla ya kula, tulikuwa tumezihifadhi mahali pawili, na karatasi iliyochapwa ilikuwa mkononi mwake.