Buibui akilala chali hajafa, anajivua gamba

WANAOANZA kufuga buibui aina ya tarantula huweza kumtupa jalalani angali hai.

Mwenye buibui huamka asubuhi akamkuta amelala chali, miguu yote minane imeelekea juu, kimya. Kwa kuwa mende tuliowazoea hufa wakiwa chali, yeye huamini kuwa hasara imekwisha kumfika. Kumbe anajivua gamba!

Tarantula anayekufa aghalabu hubaki kifudifudi, huku miguu ikijikunja chini ya mwili mithili ya ngumi. Tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kujulikana kabla ya kumleta mnyama huyu nyumbani.

Buibui hawa wenye manyoya wamefugwa Ulaya na Marekani kwa miongo mingi. Anayependwa sana ni yule wa magoti mekundu kutoka Mexico, ambaye hufikia upana wa sentimita 15 hivi miguu ikinyooshwa. Biashara yake ilianza kudhibitiwa chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES mwaka 1985, baada ya kuchukuliwa mno porini. Ndiposa wengi wanaouzwa kihalali huwa wamezaliwa kwa wafugaji, nao hununuliwa wakiwa wadogo kama ukucha wa kidole.

Kenya ina tarantula wake pia, wanaojichimbia mashimo marefu ardhini. Lakini asijaribu mtu kuwachimbua bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Mnamo Mei 2025, mahakama jijini Nairobi iliwatoza watu wanne faini ya Sh1 milioni kila mmoja, au kifungo cha mwaka mmoja, kwa ajili ya chungu wa porini tu.

Mchanga hahitaji jumba. Kikopo cha plastiki chenye kifuniko na matundu madogo kinamtosha. Katika chombo kikubwa atashindwa kuona chakula chake. Ndani huwekwa makumbi ya nazi yaliyosagwa, yenye kina cha kutosha kumwezesha kuchimba.

Suala la maji ndilo huwakanganya wengi. Mwili mdogo hukauka upesi, hivyo sehemu moja ya makumbi idumishwe na unyevu. Nyingine iachwe kavu. Anayelowesha kikopo kizima kila siku kwa huruma huleta ukungu na utitiri, na huruma hiyo ndiyo huua.

Chakula ni nzi wadogo wanaozunguka ndizi mbivu, au kipande cha nyenje aliyekwisha uawa, mara moja au mbili kwa wiki. Mabaki yaondolewe siku ya pili.

Akikataa kula, usimlazimishe. Tumbo likinenepa, likang'aa na kuwa jeusi, ni dalili kuwa gamba jipya limekwisha kuumbika chini ya lile kuukuu. Anaweza hata kuziba mlango wa shimo lake kwa siku nyingi. Mtu asimfukue!

Wakati wenyewe ukifika, hutandika utando, akalala chali na kuchomoa kila mguu polepole kama mtu avuaye glavu. Kazi hii huweza kuchukua saa kadhaa. Akiguswa, mguu unaweza kukwama au kukatika, ingawa mguu uliopotea huota tena katika magamba yajayo. Nyenje hai akiachwa humo, yeye ndiye atakayemla buibui.

Baada ya hapo meno yake huwa meupe na laini. Mngoje yawe meusi, yapata wiki moja, ndipo umpe chakula.

Kumpakata hakuna faida kwake. Akianguka hata kutoka urefu wa meza, tumbo lake huweza kupasuka. Isitoshe, jamaa hao wa Mexico wakikasirika hupangusa tumbo kwa miguu na kurusha vinyweleo vinavyowasha kama upupu. Vikiingia machoni ni balaa.

Gamba lililovuliwa lisitupwe. Buibui akishakua kidogo, mjuzi huweza kulitazama kwa lenzi na kutambua jinsia yake. Akiwa dume, huenda asimalize miaka 10. Akiwa jike, mwenyeji atarajie kuishi naye zaidi ya miaka 20.