Ukinzani wa Umeme Usiokaa Namba Moja

Chama cha msingi kinachonunua pamba au alizeti katika vijiji vya Shelui, wilayani Iramba, hakiwezi kufunga hesabu za jioni bila taa. Pale ambapo nguzo za umeme hazijafika, kituo hutegemea betri ya volti 12 na paneli ya jua. Vifaa hivyo hununuliwa kwa fedha za wanachama, na taa ikiungua, fedha hizo ndizo zinazopotea.

Mafundi hufuata kanuni aliyoichapisha Mjerumani Georg Simon Ohm mwaka 1827: volteji ikigawanywa kwa mkondo, jawabu ni ukinzani. Kwa waya wa shaba usiopata moto, kanuni hiyo inatosha. Kosa huanza inapodhaniwa kwamba kila kifaa kina ukinzani mmoja wa kudumu.

Itazamwe globu ya kizamani ya wati 100 kwa umeme wa volti 230. Ikiwaka hupitisha ampea 0.43, yaani ukinzani wake ni omu 529 hivi. Ikipimwa ingali baridi, mita huonyesha omu 40 au pungufu. Karani asiyejua sababu ataikataa akidhani ina shoti, kumbe ni nzima. Uzi wa tungsteni ulio ndani yake hufikia joto la zaidi ya digrii 2,000 za Selsiasi, na kadiri upatavyo joto ndivyo unavyozidi kuuzuia umeme. Hivyo swichi inapobonyezwa, mkondo huruka hadi ampea 6 hivi kwa kitambo kifupi sana, kisha hushuka. Ndiyo sababu globu iliyochoka hukatika mara nyingi wakati wa kuwashwa.

Taa ya LED huenda kinyume, na hapa ndipo hasara nyingi hutokea. Taa hiyo ni diodi. LED moja ndogo nyeupe, ikipewa volti 2, haipitishi mkondo wa kutajika. Ikipata volti 3 hupitisha ampea 0.02, sawa na ukinzani wa omu 150. Volteji ikizidi hapo kidogo tu, mkondo huongezeka mara kadhaa. Taa hupata joto, joto huushusha ukinzani zaidi, na taa huungua.

Kwa hiyo LED ya namna hiyo haiungwi moja kwa moja kwenye betri. Volti 12 zikitolewa 3 hubaki 9; zikigawanywa kwa ampea 0.02 jawabu ni omu 450, na rezista ipatikanayo kwa kawaida ni ya omu 470. Hata betri ikichajiwa na kufikia volti 14.4, mkondo hautazidi sana ampea 0.024. Taa zilizoandikwa volti 12 kiwandani huwa na kizuizi chake ndani, wala hazihitaji nyongeza.

Kamati inayoletewa orodha ya vifaa vya taa zilizoundwa na fundi mwenyewe yafaa iangalie kama rezista zimo, na imuulize fundi mkondo wa kila taa alioutumia katika hesabu yake.