Betri ya moyo: mkono usinyanyuliwe juu, lakini usifungwe

Mwezi huu tunaongea juu ya mgonjwa anayerudi kutoka hospitali ya Kigali akiwa na bandeji karibu na bega. Amewekewa pesimeka, ile ambayo wengi tunaiita betri ya moyo. Jamaa wanashangaa: operesheni ilikuwa ya moyo, mbona daktari anaongea sana juu ya mkono?

Pesimeka ni nini?

Ni kimashine kidogo, kinaenea kwenye kiganja. Moyo ukipiga polepole mno, chenyewe kinautumia umeme kidogo sana ili upige. Mtu wa kwanza kuwekewa ndani ya mwili alikuwa Arne Larsson, huko Sweden, tarehe 8 Oktoba 1958, akiwa na miaka 43. Alibadilishiwa mara nyingi, lakini aliishi mpaka mwaka 2001, akafika miaka 86. Kwa hiyo kuwekewa betri siyo mwisho wa maisha.

Daktari anaiweka chini ya ngozi, chini kidogo ya mtulinga, ule mfupa ulio kati ya shingo na bega. Mara nyingi ni upande wa kushoto. Kutoka pale, waya nyembamba zinapita ndani ya mshipa mpaka moyoni. Wiki za kwanza, ncha ya waya haijashikwa vizuri na nyama ya moyo. Mkono ukienda juu sana, au ukivuta kitu kizito, waya inaweza kuhama. Hapo kizunguzungu kinarudi, na pengine operesheni inarudiwa.

Mambo ya kuacha kwanza

Kwa kawaida madaktari wanaomba wiki 4 mpaka 6. Daktari wako akisema zaidi, mfuate yeye. Kwa mkono wa upande wa betri:

- Kiwiko kisipite juu ya bega. Kwa hiyo hakuna kuanika nguo kwenye kamba ya juu, kusuka nywele za mtu, wala kushika mzigo kichwani.
- Usibebe kizito. Bidoni ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20, na wengi wanaambiwa wasizidi kilo 5.
- Usitwange sombe, usilime, usipasue kuni, usikamue nguo nzito.
- Usipeleke mkono nyuma kwa nguvu. Mama asifunge mtoto mgongoni kwa kitenge. Mtoto aletewe akiwa yeye amekaa.
- Siku ya umuganda, mwambieni kiongozi mapema kwamba mgonjwa hatashika panga wala jembe.

Usiufunge mkono

Wengine wakisikia hayo wanaogopa, wanafunga mkono kwa kitambaa mwezi mzima. Hiyo nayo ni hatari. Bega lisilotembea linakauka, linauma, na baadaye mtu anashindwa hata kuvaa shati. Mkono unatakiwa kufanya kazi ndogo kila siku: kula, kunawa uso, kuandika, kufunga vifungo. Mara chache kwa siku, mgonjwa afanye hivi polepole:

- Afungue na kufunga kiganja.
- Akunje kiwiko na kukinyoosha.
- Apandishe mabega kidogo, ayashushe, kisha ayazungushe.
- Apeleke mkono mbele, usipite usawa wa bega.

Ikiuma, aache na kupumzika. Wiki zikiisha na daktari akikubali, mkono unarudia kazi pole kwa pole.

Msichanganye na operesheni nyingine. Katika Hospitali ya King Faisal, pale Kacyiru, wapo pia wanaofanyiwa operesheni kubwa ya kufungua kifua kwa ajili ya vali za moyo. Tangu mwaka 2008 timu ya Team Heart kutoka Marekani imekuwa ikija kusaidia kazi hiyo. Hao mfupa wa kifua umekatwa, kwa hiyo wanachunga mikono yote miwili. Kila mmoja afuate karatasi yake.

Nani atachota maji?

Hapa ndipo penye shida yenyewe. Mama anajua asibebe bidoni, lakini watoto wana kiu, basi anaibeba. Ama binti mkubwa anaacha masomo wiki 6. Sisi waalimu tunaona kiti chake kikibaki wazi, na wengine hawarudi tena. Tunawaomba familia mkae kikao kabla mgonjwa hajafika. Gawanyeni kazi: jirani huyu maji ya asubuhi, yule kuni, baba na kaka watwange sombe bila haya. Watoto wakitoka shule wachote kwa vidoni vidogo vya lita 5. Wiki 6 siyo nyingi tukizigawana.

Kimbilieni kituo cha afya

Msingoje siku ya kontroli mkiona kidonda kimevimba, kina wekundu, joto au usaha, homa, mkono kuvimba, kizunguzungu, kuzimia, kifua kuuma, pumzi kukatika, ama kwikwi isiyokoma. Nendeni na kadi ya pesimeka. Kadi hiyo itembee na mgonjwa kila mahali, na simu aiweke mfuko wa upande mwingine.

Tunawatakia wagonjwa wetu nafuu, na majirani mikono yenye nguvu.