Kughafilika si Uvivu: Mtu Mzima Mwenye Upungufu wa Umakini



Miongoni mwa mashitaka tunayoyasikia tukisuluhisha ndoa, liko moja ambalo halihusu kipigo wala kunyimwa matumizi. Mke husema: “Nikimwambia jambo haliingii. Namtuma unga, arudi na pazia.” Katika nyumba nyingine mume ndiye mlalamishi: mkewe huanza kufua, akaziacha nguo kwenye beseni akapanga kabati, akaliacha kabati akaingia simuni, na jua likatua pasi na kilichokwisha. Anayeshitakiwa huapa kwamba hakukusudia. Aghalabu haaminiwi, na hupewa jina: mvivu, mzembe, mwenye dharau.

Tunalotaka kusema leo ni kwamba baadhi ya watu hawa husema kweli.

Hali yenyewe

Madaktari huiita kwa kifupi ADHD, nasi hapa tutaiita upungufu wa umakini, ingawa jina hili lapotosha kidogo. Mwenye hali hii hakukosa umakini. Alichokosa ni hatamu za kuuongoza. Jambo likimvutia, huzama ndani yake saa nne pasina kuhisi njaa. Likimchosha, hata liwe na faida kubwa, akili humponyoka kama samaki aliye hai mkononi. Ubongo una sehemu ambazo kazi yake ni kupanga, kusubiri na kukumbuka kilichokusudiwa, na kwake sehemu hizo hazifanyi kazi sawasawa na za wenziwe. Hali hii hurithiwa sana katika ukoo. Mama hutokea akampeleka mwanawe kwa daktari, na maswali yakiulizwa akajiona ni yeye anayesimuliwa.

Si jambo jipya. Mwaka 1902 tabibu wa watoto George Still alitoa mihadhara jijini London kuhusu watoto wasioweza kujizuia ilhali akili zao ni timamu. Kwa miaka mingi iliaminiwa kwamba mtoto akikua humtoka. Katika miaka ya 1970 Paul Wender wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, alikuwa miongoni mwa waliochunguza watu wazima na kuona kwamba wengi huendelea nayo. Leo hukadiriwa kuwa katika kila watu wazima 100, kiasi cha 2 au 3 wanayo.

Wanawake husahaulika zaidi. Mvulana asiyetulia huruka juu ya madawati, mwalimu akamwona. Msichana huketi kimya akatazama dirishani, akaambiwa ni mwenye haya. Hukua, akaolewa, akapewa nyumba, watoto na hesabu za matumizi, ndipo mzigo unapomzidi. Naye hujilaumu peke yake.

Lakini si kila asahauye anayo. Kukosa usingizi, huzuni ya muda mrefu, wasiwasi na maradhi ya tezi ya shingoni huweza kuleta dalili zinazofanana. Daktari huangalia mambo matatu: je, dalili zilianza utotoni, kabla ya miaka 12? Je, zinaonekana mahali zaidi ya pamoja, nyumbani na kazini? Je, zinaharibu maisha kwa hakika? Aliyeanza kughafilika aliponunua simu mpya, dawa yake ni kuiweka simu mbali.

Kazini: toa kichwani, weka machoni

Tuchukue mfano wa fundi wa kushona madira. Mkono wake ni hodari, na mtindo akiuona mara moja huutoa. Lakini kumi la mwisho la Ramadhani likiingia, nyumba huwa vita: vitambaa vimechanganyika, vipimo viliandikwa nyuma ya risiti iliyopotea, arubuni imekwisha kutumika, na wateja watatu wameahidiwa siku moja. Kumwambia “jitahidi” hakumfai, kwa kuwa juhudi anayo. Hukesha hadi saa nane za usiku. Kinachomfaa ni kuyatoa mambo kichwani na kuyaweka mahali jicho litakapoyaona.

Basi kila mteja awe na mfuko wake, na kitambaa kisipokewe bila ya karatasi iliyobanwa kwa pini yenye jina, vipimo, siku na arubuni. Mifuko itundikwe ukutani mbele ya cherehani, si kabatini, kwani kisichoonekana kwake ni kama hakipo. Misumari iwe kumi tu. Ikijaa, mteja wa kumi na moja huambiwa ni baada ya Idi. Kazi ikatwe vipande, kwa sababu “kushona dira la Bi Fulani” ni mlima, bali “kukata mikono” ni hatua. Na mteja aje kujaribu nguo siku tatu kabla ya siku yenyewe, kwani mtu anayebisha hodi huamsha akili kuliko tarehe iliyo mbali. Wengi wenye hali hii hushuhudia pia kwamba hufanya kazi vyema mtu mwingine akiwa chumbani, hata akishughulika na yake. Shoga anayekuja kuchambua mchele huku fundi akishona amesaidia zaidi ya anayehubiri.

Tatizo lake jingine ni wakati. Kwake wakati una namna mbili, sasa na baadaye, na hiyo baadaye haina umbali. Hapa Muislamu amepewa msaada ambao wengine hulazimika kuutengeneza: siku yake imegawanywa mara tano kwa sauti inayosikika. “Nitapeleka dira mchana” ni ahadi inayopotea. “Nikimaliza Adhuhuri, kabla ya kula, napeleka” ina pa kushikika. Na anayeghafilika katika swala akasahau rakaa asijidharau. Sijida ya kusahau haingekuwapo lau wanadamu hawasahau.

Nyumbani: mke si mlezi wa mumewe

Mume au mke wa mtu huyu huanza kwa kukumbusha, akaishia kuwa mlezi, na ulezi huo huua mapenzi. Twashauri kikao kimoja kwa wiki, nusu saa, na daftari mezani. Majukumu yagawanywe kwa kadiri ya tabia: mwenye hali hii apewe yale yenye mwendo na matokeo ya papo hapo, kama sokoni, kupeleka watoto madrasa na kupokea wageni, mwenzake ashike yale ya tarehe, kama kodi na karo. Pesa ya kodi itoke siku ile ile mapato yaingiapo. Neno lisemwe ana kwa ana, moja baada ya moja, si kwa kupaza sauti kutoka jikoni. Akitumwa vitu vitatu, aandikiwe.

Naye mwenye hali hii asiifanye ngao. Ahadi ni deni, na deni halifutwi na udhuru. Akivunja, aombe radhi na atengeneze. Kujua sababu ya kosa kwamwonyesha pa kuanzia kulirekebisha, hakumwondolei wajibu.

Tiba, miraa na Ramadhani

Ziko dawa, na mashuhuri zaidi ni methilifenideti, ambazo huwasaidia wengi. Hizi hudhibitiwa na sheria na hutolewa kwa cheti cha daktari tu, baada ya kupima moyo na shinikizo la damu; mwenye mimba amwambie daktari mapema. Yapo pia mazungumzo ya tiba na mwanasaikolojia, yanayofunza kupanga siku na kupunguza kujilaumu. Mwenye kutumia dawa akamwone daktari kabla ya Ramadhani, ili wakati wa kumeza upangwe pamoja na daku na futari, wala asijiamulie mwenyewe kuacha.

Hapa kwetu pwani lipo jambo la kutahadhari. Miraa na muguka zina kathinoni, ambayo kikemikali ni jamaa ya amfetamini. Huenda kijana mwenye hali hii akatafuna akahisi akili imetulia, akadhani amepata tiba. Lakini kipimo chake hakijulikani, usingizi huondoka, na kukosa usingizi hurudisha ughafala maradufu. Mzazi akiona mwana hawezi kufanya kazi ila ametafuna, asimtukane tu. Aulize alikuwaje darasani alipokuwa mdogo.

Wapo waliofaulu

Mwaka 2016 wadukuzi waliiba na kuanika rekodi za matibabu za Simone Biles, mchezaji wa jimnastiki wa Marekani aliyekuwa ametoka kushinda dhahabu 4 katika Olimpiki ya Rio. Alijibu hadharani kwamba ana hali hii tangu utotoni, hutumia dawa, na haoni haya. David Neeleman, mwanzilishi wa shirika la ndege la JetBlue, naye ameieleza yake. Kabla ya hapo, katika shirika dogo la Morris Air, alikuwa miongoni mwa waliotangulia kusafirisha abiria bila ya tiketi ya karatasi. Asiye na karatasi hana cha kupoteza!

Hatuwataji ili kila mwenye hali hii adaiwe medali au ndege. Fundi aliyemkabidhi mteja dira lake siku aliyoahidi, akalala usiku wa Idi, naye amefaulu. Basi kabla ya kumwita ndugu yako mvivu, mtafutie daftari, msumari wa kutundikia mfuko, na daktari wa kumsikiliza. Mwenyezi Mungu atupe subira baina yetu, na aziponye nyumba zetu. Amin.